Nilivyoipita Kalenga

Tembea uone, walisema wazee. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeuchukua usemi huo tukaukata katikati: kutembea tunatembea sana, lakini kuona tumewaachia Wazungu. Nasema haya kwa hasira, ndugu msomaji, na hasira yenyewe inaanzia kwangu mimi.

Julai 2018 nilikwenda mapumziko Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, kwa mwaliko wa kijana aliyewahi kujitolea katika shule niliyokuwa nikifundisha historia huko Mbeya. Nilifika asubuhi, macho mekundu. Wasafiri hupenda kusingizia tofauti ya saa. Mimi sikuwa na haki hiyo, kwani wakati wa kiangazi Ujerumani na Tanzania hupishana saa moja tu. Nilikuwa nimekesha kwenye ndege, basi. Kijana akanishauri nilale. Hasha! Nauli ile sikuilipa ili nikanunue usingizi. Nikaoga, tukanywa chai, tukatoka.

Kando ya stesheni kuu ya treni kuna makumbusho yaitwayo Übersee-Museum. Nyuma ya stesheni, bustanini, amesimama tembo mkubwa wa matofali, aliyejengwa kuyatukuza makoloni na kuzinduliwa 1932, kisha mwaka 1990 akageuzwa kuwa kumbukumbu ya kuupinga ukoloni. Nikaketi karibu naye, miguu mizito kama yake.

"Mwalimu," kijana akaniambia kwa Kiswahili chake cha Mbeya, "fuvu la Mkwawa lilitoka kwenye makumbusho yale."

Nilijua. Nimelifundisha jambo hilo miaka na miaka: ushindi wa Lugalo 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga 1894, Mkwawa kujipiga risasi 1898 asikamatwe akiwa hai, kichwa chake kukatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliotungwa kumaliza vita vya dunia nzima, ulidai katika kifungu cha 246 kwamba fuvu hilo lirudishwe. Halikurudi, mpaka Gavana Twining alipofika Bremen 1953 na kulichagua kati ya mafuvu yapatayo 2,000, kwa kufuata vipimo na tundu la risasi. Mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi pale Kalenga. Wapo wanaouliza hadi leo kama ndilo lenyewe. Yote hayo niliyamwaga kama niko darasani.

"Nilipofika Kalenga lilikuwa ndani ya sanduku la kioo," kijana akasema. "Wewe ulipokwenda, lilikuwa vilevile?"

Usingizi ukaniruka. Sikuwa nimewahi kufika Kalenga.

Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga ni kama kilomita 15. Na Iringa nimeipita mara ngapi? Basi linaondoka Mbeya alfajiri, tunafika Ipogolo, abiria wanashuka kujinyoosha, wananunua mahindi ya kuchoma, konda anapiga kelele, tumekwenda. Mji wenyewe uko kule juu mlimani, wala sikuwahi kuupandia. Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale, iko karibu na barabara hiyohiyo. Nimeipita nimelala, kinywa wazi.

Tunasema hatuna fedha. Mwenye nauli ya Bremen ana nauli ya Kalenga, na asiye na ya Bremen huchangia kukodi mabasi mawili ya kwenda harusini. Tunasema hatuna nafasi, likizo inakwisha kwenye misiba. Sisemi tuache kuzikana. Lakini mtu aliyekaa msibani Iringa siku nne hakosi asubuhi moja. Neno linaloniudhi kuliko yote ni lile lisemwalo kwa kucheka, eti utalii ni wa Wazungu. Mwenye kusema hivyo amekubali kwamba nchi hii ni ya wengine kuitazama, na yeye ni ya kupitia tu.

Walimu nasi tuna kesi ya kujibu. Wanafunzi wangu waliandika "Versailles" bila kukosea herufi. Safari yao ya Iringa ilipopendekezwa kwenye kikao, aliyeipinga alikuwa mimi. Nilisema wanafunzi wana mitihani.

Desemba mwaka uleule nilishuka Ipogolo na begi langu, basi likaenda bila mimi. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni, nami nililipa kwa aibu. Fuvu liko kweli ndani ya kioo, dogo kuliko nilivyokuwa nikilieleza. Nilisimama mbele yake nikakosa la kusema, mimi niliyesema mengi chini ya tembo wa matofali. Kisha nikafunua kitabu cha wageni kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, nikitafuta neno Mbeya, hata mhudumu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Tangu hapo nimewaandikia wakuu wa shule watatu ninaowafahamu, nikiwaomba wawapeleke watoto Kalenga. Mmoja amenijibu. Anasema wanafunzi wana mitihani.