Tukae Safu ya Tatu Kwanza

Mama mmoja ametuuliza: mumewe ananuia kununua Toyota Land Cruiser 300, je, hilo ni gari la familia au la fahari? Suali si dogo, kwani fedha itakayotoka ni akiba ya nyumba nzima.

Sifa zake twazikiri. Gari hili lilizinduliwa mwaka 2021. Injini ya silinda 8 iliyozoeleka katika lile lililotangulia iliondolewa, ikawekwa ya silinda 6. Ile ya dizeli ni ya lita 3.3, na gia ni 10. Silinda zimepungua ilhali nguvu imezidi. Bodi yake imekaa juu ya fremu ya chuma, kwa hiyo mchanga na mashimo halivihofu.

Lakini sisi, tulipopata kulitazama, hatukuanza kwa injini. Tulikwenda kuketi nyuma. Kuifikia safu ya tatu kwataka kupanda juu na kujipinda, jambo ambalo nyanya mwenye maumivu ya magoti haliwezi. Viti vile hukunjika vikalala sakafuni, nayo ni nafuu, kwani vya gari la zamani vilikunjwa ubavuni vikala nafasi ya mizigo. Hata hivyo, vikiinuliwa, buti hubaki nyembamba. Basi masanduku ya safari ya Idi yatawekwa wapi? Yakirundikwa juu, breki moja ya ghafla huyatupa vichwani mwa watoto.

Tena viti saba ni mikanda saba, na mikanda saba ni watu saba. Mtoto wa kupakatwa naye ni mtu. Mikono ya mama haimzuii gari linapogonga. Chombo hiki kina uzito wa karibu tani 2 na nusu, na mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, masafa ya breki huwa takriban mara nne. Ukubwa wa gari haufuti hesabu hiyo.

Rai yetu ni hii: kabla ya kulipa, baba awachukue wote, nyanya na masanduku wakiwamo, kila mmoja aketi na kufunga mkanda. Wakienea kwa raha, na bei ikapatikana pasi na riba, pamoja na ya mafuta na tairi, basi ni gari la familia. Wasipoenea, ni gari la baba peke yake, na mama ana haki ya kulisema hilo mapema.