Usimwongezee mtoto miaka mbele ya bembea

SHULE zinapofungwa Agosti na Desemba, wazazi wengi wa mijini huwa na deni moja lisiloweza kuahirishwa: kuwapeleka watoto kwenye michezo. Kuna gurudumu kubwa la Two Rivers kando ya barabara ya Limuru, kuna miteremko ya maji huko Nyali, kuna mabembea ya mashine yanayoletwa kwa malori hadi Jamhuri Park na Mkomani wakati wa maonyesho ya kilimo, na kuna yale majumba ya kurukia yaliyojazwa hewa ambayo siku hizi hayakosekani katika uwanja wowote wenye nyasi. Mtoto aliyeahidiwa safari hiyo halali usiku kucha.

Ni jambo jema. Mtoto anahitaji kucheza, kupiga kelele na hata kuogopa kidogo. Ninalolipinga hapa ni udanganyifu mdogo unaofanywa langoni, tena na watu wazima wenye heshima zao.

Wewe mwenyewe umeuona, msomaji, kama hujaufanya. Katika lango kuu mtoto ana miaka mitatu, kwa sababu wadogo huingia bure au kwa nusu ya bei. Nusu saa baadaye, mbele ya mtambo unaotaka watoto wa miaka saba na zaidi, mtoto yule yule ametimiza saba. Amekua miaka minne hata soda yake haijaisha! Mhudumu, ambaye mara nyingi ni kijana wa kibarua aliyeajiriwa kwa msimu wa likizo tu, anamtazama mtoto, anamtazama mzazi, anaitazama foleni inayonung'unika, kisha anafungua kijilango.

Mahali palipo na kipimo cha urefu, mbinu hubadilika. Mtoto huvalishwa viatu vya soli nene, au huambiwa kwa mnong'ono asimame kwa ncha za vidole. Kuna mama mmoja niliyemwona akikunja leso na kuitia ndani ya raba za mwanawe, nyuma ya kibanda cha mahindi ya kuchoma. Mtoto alikuwa akicheka, na mama pia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata kidogo.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hudhani ule mstari uliochorwa kwenye mti umewekwa ili kupima ujasiri. Ndiyo maana utamsikia baba akimwambia mhudumu, "Huyu wangu haogopi kitu." Huenda ni kweli haogopi. Lakini chuma kinachoteremshwa juu ya mapaja yake hakijui habari za ujasiri. Chuma hicho kilitengenezwa kwa mwili wenye kipimo fulani, na mwili usiofika kipimo hicho hupata nafasi ya kupenya.

Hebu fikiria kinachotokea. Mtambo unapofika kilele na kuanza kuporomoka, mwili huinuka kutoka kitini. Unapokata kona, mwili hutupwa upande. Mtu mzima hukaa mgongo ukiwa umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mikono imeshika chuma, na mapaja yamebanwa. Mtoto mfupi hana hata moja kati ya hayo. Miguu yake inaning'inia. Ili magoti yake yakunjike lazima asogee mbele, na akisogea mbele mgongo wake unaachana na kiti. Mifupa ya nyonga yake bado haijajitokeza vya kutosha kuuzuia mkanda usipande, kwa hivyo mkanda ambao kwako unashika nyonga, kwake unashika tumbo laini lenye ini, wengu na utumbo.

Kisha kuna kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu moja tu kati ya nane. Katikati ya hapo mtoto huwa bado ana kichwa kizito kwa kiwiliwili chake, na shingo yenye misuli isiyokomaa. Mtikisiko ambao wewe utausahau kabla ya kufika kwenye gari waweza kumwachia maumivu ya siku kadhaa. Watoto waliozaliwa na hali ya Down wanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa viungo vya shingo zao vyaweza kuwa vilegevu. Ni vyema daktari aulizwe kabla ya kuwapandisha kwenye chochote kinachotikisa.

Wako wazazi wanaosema, "Basi nitapanda naye, nimshike." Hapa naomba akina baba wenzangu wenye vitambi wanisamehe. Katika mitambo ya kizamani ambapo watu wawili hushiriki chuma kimoja, chuma hicho husimama pale kinapokutana na mwili mkubwa zaidi. Kikishagonga tumbo la baba, hakishuki tena. Juu ya mapaja ya mtoto aliye kando hubaki pengo ambalo angeweza kupita mzima mzima. Na huo mkono wa baba? Mtambo ukiporomoka kwa kasi, mkono wa mtu, hata awe na nguvu kiasi gani, hauwezi kufanya kazi ya kufuli.

Sasa kwa nini tusitumie umri peke yake? Kwa sababu umri hausemi mengi kuhusu urefu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka mitano wa wastani ana urefu wa sentimita 110, lakini mwenye sentimita 101 na mwenye 119 wote wawili wamo katika hali ya kawaida. Ni watoto wa siku moja, na tofauti yao inakaribia sentimita 20. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kwa hivyo bango linalosema "miaka 7 na zaidi" bila kutaja sentimita linamwingiza mtoto mfupi mahali ambapo pengine mdogo wake mrefu angekaa salama kumliko.

Wenzetu walio na mitambo mikubwa waliliona hili zamani. Katika viwanja vya Uingereza, treni zile kali za kuporomoka na kupinduka, rolakosta, mara nyingi humtaka mtu awe na mita 1.4. Marekani hupima kwa inchi, na mistari ya kawaida ni ile ya inchi 42, 48 na 54, yaani takriban sentimita 107, 122 na 137. Lakini hawakuutupa umri. Katika viwanja vya Disney huko Florida, mtoto wa chini ya miaka saba hapandi mtambo peke yake. Lazima awe na mtu aliyetimiza miaka 14. Umri hupima kitu kingine: je, mtoto anaweza kuambiwa "usisimame" na akatii mpaka mwisho? Akiogopa katikati ya safari, atashika chuma au atajaribu kutoka? Mtoto wa miaka minne aliye mrefu kama wa saba bado ana akili ya miaka minne. Urefu na umri ni maswali mawili, na yote mawili yanataka jibu la kweli.

Hata jibu likiwa la kweli, kazi haijaisha. Septemba 5, 2021, katika kiwanja kimoja cha milimani huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka sita alipanda na jamaa zake mtambo wa kuporomoka chini ya ardhi zaidi ya mita 30. Mikanda ya kiti chake alikuwa ameikalia. Mashine ilitoa ishara kwamba kuna kasoro, wahudumu wakaizima ishara bila kuelewa tatizo, wakaanzisha safari. Mtoto alianguka akafa. Wachunguzi wa jimbo walilaumu wahudumu na mafunzo waliyopewa.

Mwaka uliofuata, Machi 24, 2022, mvulana wa miaka 14 alianguka kutoka mnara wa kuporomoka mjini Orlando. Huyu hakuwa mdogo kupita kiasi, alikuwa mkubwa kupita kiasi. Watengenezaji walikuwa wameweka kikomo cha kilo 130 hivi, naye alizidi sana. Wahandisi walioajiriwa na serikali ya jimbo waligundua kuwa kifaa cha kukihakiki kiti alichokalia kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, ili kiti kikubali pengo kubwa kuliko la kawaida. Mnara ulibomolewa 2023, na mwaka huo huo Florida ikakaza sheria yake.

Nimetaja mikasa hii miwili ya ng'ambo kwa sababu uchunguzi wake ulitangazwa hadharani, kwa hivyo twaweza kujua hasa ni kiungo kipi cha mnyororo kilichokatika. Katika yote miwili, mtambo ulikuwa na njia ya kusema "hapana", na binadamu akailazimisha kusema "ndiyo". Leso ndani ya raba ni tendo la jamii hiyo hiyo, ingawa limefanywa kwa mapenzi.

Wenye viwanja nao wasijifiche nyuma ya wazazi. Tangazo la "unapanda kwa hiari yako" haliwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Gharama ya kipimo ni ubao, rangi na futikamba. Na mhudumu asiachwe peke yake na mzazi mwenye hasira. Tajiri wake amweleze mbele ya wote kwamba akimkatalia mtu hatapoteza kazi. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti burudani za umma. Basi afisa anayetoa leseni ya kiwanja cha michezo aulize mambo matatu kabla ya kugonga muhuri: watengenezaji wa kila mtambo walisema apande mtu wa urefu na uzani gani, maneno hayo yamebandikwa wapi kwa Kiswahili, na nani amefunzwa kuyatekeleza. Swali la kwanza pekee lingetosha kuwatoa jasho baadhi ya wanaonunua mitambo mikuukuu isiyo na hata kitabu chake.

Kuhusu majumba ya kurukia, ambayo ndiyo wengi wetu hukutana nayo kila Jumapili, hatari kubwa haiko katika urefu wa mtoto wako bali katika tofauti kati yake na wenzake. Kijana wa kilo 45 akimwangukia mtoto wa kilo 14, mkono huvunjika, au shingo huumia. Waingizwe kwa zamu, wadogo na wadogo, wakubwa na wakubwa. Ukiona wamechanganywa, mtoe wako usubiri; hakuna atakayekurudishia pesa lakini si kitu.

Kabla ya kutoka nyumbani, mpime mtoto. Asimame peku, visigino vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, nywele zikiwa zimelazwa. Weka kitabu kichwani, tia alama ya penseli ukutani, pima kwa futikamba kutoka sakafuni. Andika sentimita na tarehe. Mkifika huko mkaambiwa mtambo fulani unataka 120 naye ana 116, usibishane na mhudumu mbele yake, wala usimwambie mtoto kwamba ameonewa. Mwambie zimebaki sentimita nne. Katika umri huo mtoto huongezeka kama sentimita sita kwa mwaka, kwa hivyo mwonyeshe ile alama ya penseli mkirudi, na mpime tena likizo ijayo.