Biskuti za Idd: Tuandike Nini juu ya Sukari?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Katika miaka ya karibuni sinia la Idd majumbani mwetu limepata mgeni. Kando ya vileja, visheti na kaimati, sasa huonekana biskuti za sukari zilizokatwa kwa umbo la hilali, nyota, kuba na taa, kisha zikapakwa sukari ya rangi inayong'aa. Mabinti zetu hujifunza kazi hii kwa kutazama video katika simu, kisha huwafundisha mama zao. Tunalipokea jambo hili kwa furaha, kwani nyumba ambayo watoto wake wameshughulika jikoni pamoja na wazazi usiku wa kuamkia Idd ni nyumba yenye neema.

Pamoja na ujuzi huo limekuja swali ambalo akina mama wa darsa wameiletea kamati yetu ya msikiti: je, yafaa kuandika jina la Allah au aya ya Qur'ani juu ya biskuti? Ili jawabu lieleweke vizuri, kwanza tuitazame kazi yenyewe jinsi inavyofanywa.

Rangi ya juu hutengenezwa kwa sukari laini ya unga, ile iitwayo madukani aisingi shuga. Wengi huichanganya na ute mbichi wa yai. Sisi tunawanasihi wenye watoto wadogo, wajawazito na wazee nyumbani wauache ute huo, kwa sababu yai bichi huweza kubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo. Badala yake, chukua gramu 240 za sukari hiyo, vijiko vya chai 4 vya maziwa na vijiko vya chai 4 vya glukosi ya maji, ukoroge mpaka ilainike. Glukosi ndiyo inayoleta mng'ao.

Gawa mchanganyiko mafungu mawili. Fungu zito litie katika koni ya karatasi ya kuokea, uchore ukingo wa biskuti iliyokwisha kupoa kabisa. Fungu la pili liongezwe maziwa tone kwa tone, mpaka utepe unaodondoka kutoka kijikoni upotee juu ya bakuli kwa muda wa sekunde 10 hadi 15. Hilo ndilo la kujazia ndani ya ukingo. Kabla halijakauka, dondoshea vitone vya rangi nyingine, kisha pitisha ncha ya kijiti cha meno katikati yake, navyo vitageuka kuwa majani au mioyo. Anayetaka mawimbi kama ya marumaru atie matone ya rangi katika bakuli la sukari nyeupe, ayavuruge kidogo, kisha achovye uso wa biskuti na kuuinua taratibu. Kwetu pwani hewa ina unyevu, rangi hukawia kukauka na huweza kuvujiana. Ziwekwe chini ya upepo wa feni, na zisipangwe moja juu ya nyingine mpaka usiku mzima upite.

Mapambo yasitusahaulishe halali. Soma kibandiko cha rangi: alama E120 ni wekundu utokanao na wadudu, na wanachuoni wamehitilafiana juu yake, basi kuiacha ni salama zaidi. Vipambo vya kunyunyiza huweza kuwa na jelatini, na si kila jelatini imetokana na mnyama aliyechinjwa kisheria. Kiini halisi cha vanila nacho hutolewa kwa pombe, na kanuni za Marekani zinataka kisipungue asilimia 35 ya pombe. Iliki na maji ya waridi tuliyorithi kwa bibi zetu yanatosha, na harufu yake ni ya Idd hasa.

Sasa turejee kwenye swali. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake At-Tibyan kwamba wanachuoni wa madhehebu ya Shafi hawakuona ubaya kula halua au chakula kilichoandikwa Qur'ani. Kwa hiyo aliyekwisha kula biskuti ya namna hiyo asitaabike moyoni. Lakini jambo la kuliwa si lote lililopo. An-Nawawi huyo huyo ameeleza kuwa ni makuruhu kuandika Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu kutani na katika nguo, kwa ajili ya kulinda heshima yake.

Anayejifunza ufundi huu huharibu kabla hajafanikiwa. Herufi ikipinda hukwanguliwa kwa kisu, koni na bakuli huoshwa, na maji yake hupita katika bomba la maji machafu. Biskuti nyingine huvunjika. Mtoto hulamba sukari ya juu, akaiacha iliyobaki chini ya mkeka, nayo ikakanyagwa. Je, tungependa Jina tukufu lipite njia hiyo? Kwa hiyo nasaha ya kamati yetu ni kuacha kuandika jina la Allah na aya juu ya biskuti, na jina la Mtume wake liheshimiwe vivyo hivyo. Kufanya hivyo si kuupunguzia Uislamu nafasi katika sinia letu, bali ni kuitukuza heshima yake.

Mafundi wa milango ya Zanzibar walilijua hili. Maandishi matukufu waliyachonga juu kabisa, kwenye kizingiti cha juu, na sehemu za chini wakaziachia minyororo, maua na samaki. Nakshi hizo ni hazina kwa mwenye koni mkononi. Hata nyota ya pembe nane huchorwa kwa wepesi kwa kulaza mraba mmoja juu ya mwingine. Maneno ya kheri kama "Idd njema", au jina la jirani tunayempelekea sahani, nayo yanatosha kabisa.

La mwisho ni kiasi. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa pambo na chakula, na tumekatazwa israfu. Zilizopinda na zisizofana zisitupwe, ziliwe kwanza na wenye nyumba. Zilizopendeza ndizo zipelekwe kwa jirani na kwa mayatima.

Wabillahi tawfiq.