MAMBO YA NYUMBANI: Uliza Mnara Kwanza, Ndipo Ununue Simu



Maharage yakiisha kuuzwa, swali moja hutujia kutoka Gwarama na kutoka vijiji vya Kibondo na Kasulu: "Nimepata fedha kidogo, je, ninunue simu gani ili nyumba yangu iwe na intaneti?" Swali ni jema, ila limeanzia mwisho. Simu ni mtungi tu. Mtungi uwe mzuri namna gani, hauleti maji mahali pasipo kisima, na kisima cha intaneti ni mnara. Basi aulizwe mnara kwanza.

Mijini watu huvuta waya wa faiba hadi sebuleni. Sisi wa milimani, intaneti ya nyumbani maana yake ni laini ya simu, na mawimbi ya mnara hayapandi mlima na kushuka upande wa pili kama apandavyo mbuzi. Nyumba mbili za kijiji kimoja, moja juu ya kilima na nyingine bondeni, zaweza kuwa mbali sana katika jambo hili. Wala msitegemee habari za zamani. Tarehe 13 Mei 2023 Serikali, kwa njia ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia sahihi na makampuni ya simu mapatano ya kujenga minara 758 vijijini, na kwa hiyo mahali palipokuwa bubu juzi huenda leo pana sauti. Tena kampuni iliyokuwa bora kwa jirani yako miaka mitatu iliyopita huenda siyo bora sasa.

Kupima ni rahisi, na hakuna gharama kubwa. Azima kwa rafiki simu janja yenye 4G, tia laini ya kampuni moja, kisha nyingine, kisha ya tatu, ukiwa ndani ya nyumba yako, katika chumba kile mtakachokaa jioni. Tazama juu ya kioo. Ukiona herufi E, hiyo ni 2G, nayo yatosha ujumbe wa maneno tu. Ukiona H, hiyo ni 3G. Ukiona 4G, vema. Kisha rudia kupima saa mbili usiku, maana mnara ulio mwepesi adhuhuri huwa mzito watu wote wa kata wanapofungua simu zao baada ya chakula. Kampuni iliyoshinda saa mbili usiku ndiyo ya nyumba yako, hata kama vifurushi vyake vyazidi vya wenzake bei kidogo.

Hapa sina budi kusema neno kwa walio karibu na Burundi, watu wa Muhange, wa Mabamba, na sisi wote ambao milima ya ng'ambo twaiona kwa macho. Mawimbi hayajui mpaka. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao yaweza kushika mnara wa Burundi, na mwenyewe asijue mpaka salio limekwisha. Dalili moja ni saa. Saa ya Burundi imo nyuma ya yetu kwa saa moja. Basi simu inayopokea saa kutoka mnarani, ikishika mnara wa kule, hurudi nyuma saa nzima. Mwalimu atazamaye simu apate kupiga kengele ya shule atawachelewesha watoto wote. Dawa yake ni hii: katika mipangilio ya simu, zima romingi, yaani matumizi ya data ya mitandao ya ng'ambo, kisha, mahali pa kuchagua mtandao, ondoa kuchagua kwa simu yenyewe, uchague kampuni yako kwa mkono. Na saa, kama yasumbua, iwekwe vilevile kwa mkono.

Sasa tuje kwenye simu. Mtu mwenye shilingi 200,000 asitafute simu ya fahari. Atafute mambo machache. Iwe ya 4G, wala si 3G tu, japo muuzaji aisifu. Nafasi ya kuhifadhia isipungue GB 32. Kumbukumbu ya kazi, ile wauzaji waiitayo RAM, isipungue GB 2; na hapa mjihadhari, maana siku hizi makasha mengi huandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, kumbe GB 4 ndizo za kweli, nyingine zimeazimwa kutoka nafasi ya kuhifadhia. Uliza: "Ya kweli ni ngapi?" Muuzaji mwaminifu atakuambia. Simu ndogo nyingi hutumia Android ya Go, iliyotolewa tangu 2017 kwa ajili ya simu zenye nguvu kidogo. Si aibu kuwa nayo. Lakini simu kuukuu mno msiichukue hata kwa bei ya kuku: Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zote zenye Android iliyo chini ya 5.0, na wengi walibaki na kioo cha kujitazamia uso.

Kabla ya kutoa fedha, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, nayo ni jina la simu ile duniani kote. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa juu ya kasha. Zikitofautiana, rudisha simu, sema asante, uende zako. Tena waweza kuituma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, uone jibu lataja simu gani. Si mchezo: usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na aliyenunua kwa bei nafuu alipata hasara yote peke yake.

Simu iliyotumika si mbaya, ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni mkopo. Simu nyingi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, na mkopaji asipolipa, simu hujifunga; basi mdaiwa huiuza gulioni upesi, nawe wanunua deni lake. Wa pili ni akaunti ya Google ya mwenye kwanza, kwa maana simu ikifutwa bila kuiondoa akaunti ile, itaiuliza tena, nawe huna jibu. Kwa hiyo mwambie muuzaji aifute yote mbele ya macho yako, iwashwe upya, uandike akaunti yako mwenyewe mpaka ufike mwisho, ndipo umpe fedha. Akisema ana haraka, mwache na haraka yake.

Simu moja yaweza kuhudumia nyumba nzima kwa njia ya hotispoti. Mkiwa watu wengi, au shule ndogo, yafaa ruta ndogo ya laini, ambayo nyingine huweza kuendeshwa kwa pawabenki au betri ya sola. Lakini soma kwanza chini yake kama yataka volti 5 au volti 12, maana kukosea hapo ni kuiunguza. Iwekwe juu, karibu na dirisha lielekealo mnara. Mabati hurudisha mawimbi, na ukuta wa matofali huyapunguza; ruta iliyofichwa kabatini kwa kuogopa vumbi ni taa iliyofunikwa kwa pishi. Neno la siri lililobandikwa juu yake libadilishwe siku ile ile, na wageni wasiachiwe liwe wimbo wa kijiji.

Tena kuna jambo watu wengi hawalijui, nalo ndilo hula vifurushi usiku. Simu iliyounganishwa na waifai hudhani kwamba intaneti ile ni ya bure. Basi huanza kujisasisha programu zake na kupandisha picha zote, kumbe waifai yenyewe yatoka katika kifurushi cha baba. Fungua mipangilio ya waifai, uiandike kuwa ni yenye kupimwa. Kisha zima kupakua kwa picha na video zijazo zenyewe katika WhatsApp. Kuzungumza kwa sauti katika WhatsApp hula kadiri ya nusu MB kwa dakika, hivi kwamba GB 1 yatosha zaidi ya saa 30. Video ya wastani hula MB 7 au 8 kwa dakika, na GB ile ile huisha kwa saa mbili na kitu. Mwenye kuitazama video kwa ubora wa chini kabisa hupata zaidi ya saa 10. Mama wa nyumba ajue hesabu hii kama ajuavyo pishi la unga.

Nalo jina la laini. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole zilianza kufungwa, na kwa ajili hiyo wake wengi wametumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya waume zao, kwa kuwa mume ndiye aliyekuwa na namba ya NIDA. Siku za amani hakuna tatizo. Lakini fedha za kikundi cha akina mama zikiwa ndani ya laini ile, na mume akafariki, fedha zile zahesabiwa kuwa za marehemu. Mjane atapeleka shauri mahakamani mpaka apatikane msimamizi wa mirathi, na wenzake wa kikundi watamngoja kwa uso mkavu. Bwana wa nyumba ampendaye mkewe na amsaidie kupata namba yake, asajili laini yake. Hali kadhalika usimsajilie laini mtu mwingine kwa kidole chako, hata akiwa mpwa. Akidhulumu watu kwa laini ile, atakayeulizwa ni wewe. Bonyeza *106# uone namba zilizo chini ya jina lako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa wakala wa kampuni uikane.

Wale watumao ujumbe wa "fedha ile tuma kwa namba hii", wala hukuwa na ahadi na mtu, wapelekeeni TCRA kwa namba 15040. Na namba ya siri ya fedha haiulizwi na kampuni yo yote kwa simu.

Walimu wameuliza wapate wapi vitabu bila kununua vifurushi kila siku. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni, yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Na iko programu iitwayo Kiwix, nayo ni ya bure, inayoihifadhi Wikipedia ndani ya simu isomwe pasipo mtandao wo wote; iko na ya Kiswahili, iliyoanza kuandikwa mwaka 2003. Mwalimu mmoja aipakue siku aendapo Kibondo au Kasulu mjini penye mnara mwepesi, aitie katika kadi ya kumbukumbu. Wenzake watainakili kwake kwa bluetuthi bila kutumia hata MB moja, na shule iliyo bondeni kabisa itasoma sawasawa na ile ya kilimani.