Mizani ya Sauti Si Pambo

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hiki nakilalia, na kunguni wake nawajua. Sikio langu la kushoto limepungua kusikia, la kulia lingali zima. Nikivaa hedifoni kusikiliza udi wa Zein l'Abdin, mpigaji huwa kama ameketi begani kwangu kuliani, na upande wa pili hakuna mtu.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani na ni rahisi. Ni kikuza sauti, au amplifaya kama waitavyo mafundi, chenye tundu la hedifoni na vitufe vya kuzungusha: besi kwa sauti nzito, trebo kwa sauti nyembamba, na mizani ya kugawa sauti baina ya sikio la kulia na la kushoto. Basi nilitoka kwetu Adu nikapanda matatu hadi Malindi kukitafuta, nikidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Katika duka la kwanza kijana alinitolea kikasha kizuri chenye kitufe kimoja tu, cha kuongeza na kupunguza.

"Mwanangu, mizani iko wapi?" nikamwuliza.

Akacheka kwa adabu. "Ami, hiki ni cha kisasa. Sauti yatoka kama ilivyorikodiwa, haitaki kuchezewa."

Duka la pili na la tatu nikajibiwa yayo hayo. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu, msomaji.

Kauli hiyo haikuzuka leo. Tangu miaka ya 1970 na 1980 baadhi ya watengenezaji wa Ulaya walianza kuviondoa vitufe hivi, wakihoji kwamba kila kifaa kinachopitiwa na sauti huichafua. Sikatai, hoja ina chembe ya ukweli. Lakini mtambo wa besi na trebo aliouchapisha Mwingereza Peter Baxandall mwaka 1952 ulienea katika amplifaya za dunia nzima, na vitufe vyake vikiwekwa katikati, sauti hupita bila ya kuongezwa wala kupunguzwa. Asiyevitaka na aviache katikati. Tena hata huyo aliyerikodi wimbo alikuwa na vitufe mbele yake. Iweje yeye aruhusiwe kuchagua, na mimi ninayesikiliza nikatazwe?

Isitoshe, rikodi zenyewe hazilingani. Nyimbo za Siti binti Saad zilizorikodiwa Bombay mwaka 1928 zina mkwaruzo unaotaka trebo ipunguzwe. Kaseti za taarabu za Mombasa zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono zimefifia, nazo zataka trebo iongezwe. Na kisomo cha Sheikh Abdulbasit katika kaseti kuukuu, je? Heshima ya kisomo ni kila herufi kusikika wazi, si kuvuma tu.

Lakini haya ya ladha yangeweza kusameheka. Lisilosameheka ni la afya. Mtu asiye na mizani hufanya nini? Huongeza sauti mpaka sikio bovu litosheke, na lile zima likapigwa marungu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Maana yake ni kwamba sikio nililobakishiwa na Mola nalilipisha deni la mwenziwe, na mwisho wake nitakuwa sina hata moja. Mizani huipunguza sauti upande mzima peke yake. Je, hilo ni pambo?

Aliyenitoa matatani ni fundi redio mmoja katika kichochoro, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinionyesha redio iliyotolewa katika gari bovu. Redio ya gari ina besi, ina trebo, ina mizani, na hutumia umeme wa volti 12, yaani betri ile ile ya sola iliyoko nyumbani kwangu. Kutoka yale matundu mekundu na meupe ya nyuma akapitisha waya hadi kikasha kidogo cha hedifoni, kama kile nilichokidharau dukani.

Alinionya nami nakuonya: usiunge hedifoni moja kwa moja kwenye nyaya za spika za redio ya gari. Plagi ya hedifoni huziunganisha nyaya hasi za pande mbili, na nyingi ya redio hizo hazikubali, zaweza kuungua.

Njia nyingine zipo. Amplifaya kuukuu za Kijapani, za Sansui, Pioneer au Sony, aghalabu zina vitufe vyote pamoja na tundu kubwa la hedifoni. Mwenye uwezo, ipo ADI-2 DAC ya kampuni ya RME ya Ujerumani, yenye besi, trebo na mizani. Na asiye na senti ya ziada afungue simu yake, sehemu ya ufikivu. Katika simu nyingi za leo atakuta mizani ya kulia na kushoto, na pia njia ya kuunganisha pande mbili ziwe moja, ili asikose sauti iliyowekwa upande wa sikio bovu.

Ila kwanza mwone daktari. Sikio moja likipungua kusikia ghafla, usingoje wiki ipite, kwani matibabu yake yana wakati, na hakuna kitufe kitakachorudisha kilichopotea.

Wenye maduka nawaomba neno moja. Anapoingia mzee akauliza mizani, msimcheke kuwa ni mshamba wa mashine. Huenda anajaribu kuokoa sikio lake la mwisho. Nasi wanunuzi tuulize kila duka, bila ya haya, maana kisichoulizwa hakiletwi.

Juzi usiku, hapa Adu, niliizungusha mizani pole pole kuelekea kushoto. Udi ukahama begani, ukaja ukakaa katikati.