Diski ya bakapu inapoiangusha seva: mlinzi anapogeuka kuwa tatizo

Ni Jumatatu asubuhi. Wafanyakazi wameshafika, wateja wapo kwenye foleni, lakini seva ya ofisi imegoma kuwaka. Skrini nyeusi, kistari kinapepesa kwenye kona, basi. Fundi anahisi umeme wa wikiendi umeunguza kitu. Anabadilisha waya wa umeme, anachomoa memori na kuirudisha, anaanza kufikiria kuweka mfumo upya.

Kisha anachomoa diski ndogo ya nje inayoning'inia nyuma ya mashine, ile ya bakapu. Seva inawaka kama kawaida.

Kifaa kilichonunuliwa ili kuiokoa seva ndicho kilichoiangusha. Na habari mbaya zaidi huja baadaye: kama diski hiyo ni mbovu, basi huenda ofisi imekuwa ikifanya kazi bila bakapu kwa wiki au miezi, na hakuna aliyejua.

Diski ya nje inaiangushaje seva?

Kwa macho ya binadamu, diski ya nje iko nje. Kwa seva, ikishachomekwa ni sehemu ya mwili wake. Ikiugua, mwili mzima unaweza kuugua.

Shida ya kwanza hutokea wakati wa kuwaka. Seva hutafuta mfumo endeshi kwa kufuata orodha ya vifaa. Kama USB iko juu ya orodha hiyo, mashine itaanza na diski ya bakapu. Diski isiyo na mfumo ndani yake, au inayojibu kwa kusitasita, inaweza kuikwamisha hapo hapo.

Kwenye seva za Linux kuna mtego mwingine. Diski ikiwa imeandikishwa kwenye faili la fstab bila neno "nofail", seva nyingi za sasa huisubiri kwa sekunde 90. Isipoonekana, mfumo unaingia kwenye hali ya dharura badala ya kuwasha huduma. Hapa kuchomoa diski hakusaidii kitu. Ni lazima mstari ule urekebishwe.

Shida ya pili hutokea seva ikiwa kazini. Diski yenye sehemu zilizoharibika hurudia kusoma mahali pale pale mara nyingi kabla ya kukata tamaa. Programu inayoisubiri inakwama nayo, na wakati mwingine hata ukiizima haizimiki. Watumiaji wanaona seva imeganda, kumbe kazi yenyewe ni ndogo. Inachosubiri ni diski moja tu.

Ya tatu ni ya kimyakimya. Diski inakatika yenyewe usiku, lakini programu ya bakapu inaendelea kuandika kwenye folda ile ile, ambayo sasa iko kwenye diski ya ndani ya seva. Nafasi inajaa. Hifadhidata inakosa pa kuandika, nayo inasimama.

Mara nyingine diski haina kosa lolote. Kwa viwango vya kawaida, tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Diski ndogo isiyo na adapta yake hutegemea umeme huo peke yake. Waya ukiwa mrefu au umechoka, diski inawaka na kuzima ovyo.

Fundi aanzie wapi?

Asianze na kuweka mfumo upya. Aanze na saa.

Kumbukumbu za matukio ndani ya seva huonyesha tatizo lilianza muda gani. Kama seva inaganda kila siku saa nane usiku, na bakapu imepangwa saa nane usiku, mtuhumiwa ameshajulikana.

Hatua inayofuata ni kuitoa diski. Seva ikiwa bado inaitikia, itolewe kwa utaratibu, isichomolewe tu. Kisha seva iwashwe bila diski hiyo. Ikiwaka vizuri, orodha ya kuwakia ikaguliwe na diski ya ndani iwekwe juu.

Baada ya hapo wabadilishwe watuhumiwa wa bei ndogo kwanza: waya, tundu, halafu adapta. Diski ikiendelea kusumbua, ipimwe kwenye kompyuta nyingine kwa programu inayosoma taarifa za SMART. Idadi ya sehemu zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ikizidi kupanda, diski hiyo inaelekea kaburini.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Kama diski ndiyo yenye nakala pekee ya data fulani, isifomatiwe, wala isiendeshewe programu ya "kurekebisha" kabla data haijanakiliwa kwingine. Diski iliyochoka inaweza kufia katikati ya marekebisho.

Kuwaka si kupona

Seva ikishawaka, ofisi nyingi hushusha pumzi na kurudi kazini. Hapo ndipo hatari inapobaki, kwa sababu swali la msingi halijajibiwa: bakapu ya mwisho iliyo nzima ni ya lini?

Hata wakubwa wamenaswa na swali hilo. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya takriban GB 300, zilibaki GB 4.5. Walipokimbilia bakapu za kila siku, hawakukuta kitu: programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo lisiloendana na hifadhidata yao. Barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa njiani. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine iliyokuwa na umri wa saa kama sita. Kilichoingia baada ya hapo kilipotea.

Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Mifumo 709 ilisimama. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala nje ya kituo hicho.

Kesi hizi mbili hazihusu diski ya USB, lakini somo ni lile lile. GitLab walikuwa na bakapu ambayo hakuna aliyeijaribu. Daejeon, hakukuwa na nakala iliyokaa mbali. Ofisi yenye diski moja iliyochomekwa mwaka mzima ina udhaifu wote huo kwa pamoja. Moto, mwizi, radi au kirusi kinachofunga mafaili vitaikuta diski hiyo pale pale pembeni ya seva.

Kwa Afrika Mashariki, hili si suala la fundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawataka wanaoshika taarifa za watu wazingatie uwezo wa kuzirejesha kwa wakati hitilafu inapotokea. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inataka taarifa binafsi zilindwe zisipotee. Zahanati iliyopoteza mafaili ya wagonjwa, au saccos iliyopoteza salio za wanachama, haiwezi kujitetea kwa kusema "diski ilikufa".

Kinga haihitaji bajeti ya serikali

Diski mbili zinazopokezana zinatosha kuanzia: moja kwenye seva, nyingine kwenye jengo tofauti, zikibadilishana kila wiki. Anayetoka na diski ahakikishe imefungwa kwa nywila, maana ina siri za watu.

Programu ya bakapu ipangwe isimame na kupiga kelele isipoiona diski, na kelele hizo zimfikie mtu mwenye jina, si anwani ya barua pepe isiyofunguliwa.

Na mara moja kwa mwezi, mtu achague faili moja kutoka kwenye bakapu, alirejeshe, alifungue, alisome. Ni kazi ya dakika kumi. Kama halifunguki, ni heri kujua Jumatano yenye utulivu kuliko Jumatatu yenye foleni.