Nyoka Asiyekula Hakurogwa

Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Huenda msemo huo ukamfaa binadamu, lakini kwa nyoka haufui dafu. Nyoka ana majira yake ya kula na majira yake ya kufunga, na afungapo, hata ukimwekea kitoweo kinono mbele ya pua atakipuuza. Nayasema haya kwa sababu ya kisa kilichotokea mtaani kwetu Umoja, hapa Eastlands jijini Nairobi, kisa ambacho kimenifanya nijihoji upya kama mwalimu.

Kijana mmoja jirani yetu alikuwa akifuga chatu mchanga ndani ya sanduku la mbao. Kila Jumamosi watoto walimiminika kumtazama akimeza panya. Ulipoingia mwezi wa Juni, chatu huyo alikataa chakula. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, hata ya sita. Mtaa mzima ukawa na la kusema. Huyu alidai kwamba nyoka karogwa. Yule akaapa kwamba anajinyima ili apate nafasi tumboni ya kummeza mwenyewe, na kwamba usiku hujinyoosha kando ya kitanda akimpima urefu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, mbona nyoka wa jirani hataki kula?" Nilimjibu kwa mkato kwamba nyoka ni mnyama wa damu baridi, kisha nikaendelea na somo. Siku chache baadaye, yule kijana, kwa kuhofia kwamba mnyama wake angekufa njaa, alimpanua kinywa kwa nguvu akamsukumia vipande vya nyama. Kesho yake chatu alivitapika. Kabla ya juma kwisha alikuwa amekufa.

Jibu langu lingepata alama katika karatasi ya mtihani, lakini halikumfaa yeyote. Isitoshe, neno lenyewe linapotosha. Damu ya nyoka si baridi wakati wote. Hupata joto kutokana na jua, mwamba au ardhi anapolala, na joto hilo ndilo linaloendesha kazi ya tumbo lake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti mawingu huweza kulifunika jua kutwa, na usiku jotoridi huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Chatu akimeza panya katika baridi hiyo, ndani ya sanduku lililowekwa juu ya sakafu ya saruji, mlo huo waweza kuozea tumboni kabla haujameng'enywa. Kukataa kula ni njia yake ya kujilinda.

Wala baridi si sababu pekee. Nyoka anapokaribia kujivua gamba, macho yake huwa na ukungu na hamu ya chakula humtoka. Chatu jike huyazungushia mayai yake mwili kwa muda wa miezi miwili au zaidi, na kwa kawaida hali chochote mpaka yaanguliwe. Dume naye, msimu wa kutafuta mwenzi ukifika, husahau mlo. Chatu wadogo wa Afrika Magharibi, ambao husafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kufugwa Ulaya na Marekani, ni mashuhuri kwa kususia chakula kwa miezi kadhaa, hata vizimba vyao vikipashwa joto kwa umeme. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu ya nyoka hujificha mapangoni majira yote ya baridi bila kutia kitu kinywani, na wakati wa kuchipua hutoka wakiwa hai. Kwa kuwa nyoka hatumii chakula kuupasha mwili joto kama tufanyavyo sisi, akiba ndogo humtosha muda mrefu.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila nyoka asiyekula ni mzima. Aliyefunga kwa msimu hunywa maji, hutambaa kama kawaida na mwili wake haudhoofu sana. Anayekonda hadi mifupa ikaonekana, au anayehema kinywa wazi, huyo ni mgonjwa na anahitaji daktari wa wanyama. Hali kadhalika, sitetei ufugaji wa kisirisiri. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga mnyama wa mwituni awe na kibali. Nilipoulizwa lile swali, wajibu wangu ulikuwa mara mbili: kueleza, na kumshauri kijana yule awaite maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Sikutimiza hata mmoja.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatuhimiza tumfunze mtoto kuchunguza, si kukariri tu. Fursa tunazo. Bustani ya Nyoka iliyo kando ya Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi imekuwapo tangu mwaka 1961, na nauli ya matatu kutoka Eastlands si safari ya Ulaya. Tuwapeleke wanafunzi huko mwezi wa Julai, wakiwa wamevaa sweta, wawaulize watunzaji nani amekula na nani amefunga, kisha warudi tena jua linapowaka, waulize swali lilo hilo na kulinganisha majibu.

Nanyi wanafunzi, mwalimu akikujibu kwa maneno matatu yasiyokutosheleza, usiketi. Muulize tena. Mwanafunzi wangu aliketi, nami nikafurahi kwamba ameketi. Gharama ya ukimya wetu aliilipa chatu ambaye kosa lake lilikuwa kuyafuata majira.